Barua kwa Mhariri: Kabla ya kuongeza nguvu ya Subaru yako, ipime kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaandikie wenye Subaru za turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada), hasa Forester ya umbo la SG5 na Impreza WRX ya umbo la GDA, zile zenye injini ya EJ205 ya lita 2.0. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, na tangu hapo gari hizi hazijatoka mioyoni mwa vijana wetu. Anayeinunua leo mara nyingi huikuta imeshaguswa: silensa imebadilishwa, ea klina ya koni imefungwa, pengine na ile vali ya turbo inayopiga mluzi dereva akiachia mafuta. Kisha huja swali: nifunge nini sasa ili iende zaidi?

Jibu langu ni kwamba pesa ya kwanza isiende kwenye chuma chochote. Iende kwenye kupima injini, kisha kwenye kutuni kompyuta yake, yaani kuipanga upya ifuate petroli yetu na mwinuko wetu. Wanaoanza na vyuma ndio wanaorudi baada ya miezi michache wakitafuta injini nyingine.

Sababu ya kwanza ni mafuta. Subaru hizi za turbo zilitengenezwa kwa soko la Japani zikitarajiwa kunywa petroli ya daraja la juu, ambayo vituo vya kule huiuza ikiwa na oktani 100. Petroli ya kawaida katika vituo vyetu haifiki hapo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe. Ikiwa ndogo kuliko injini inavyotaka, sehemu ya mchanganyiko hulipuka kabla ya moto wa plagi kuufikia, na mawimbi ya mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo. Hii ndiyo kugonga kwa mwako, na si kule kugonga kwa beringi ya konrodi ambako kila fundi anakujua kwa sikio. Ndani ya gari lenye silensa kubwa huwezi kuisikia kabisa. Inavunja kingo zilizo kati ya ringi za pistoni, na dalili ya kwanza utakayoiona ni moshi wa bluu na oili inayopungua.

Kompyuta ya Subaru ina sensa ya kugonga, na ikisikia kelele huchelewesha cheche ili kuokoa injini. Kwa hiyo gari lililotoka Japani likiwa na nguvu-farasi 220 au 250 kwenye karatasi huenda hapa halitoi nguvu hiyo, hata likiwa zima kabisa. Mwenyewe hulihisi zito, akadhani linahitaji turbo kubwa, kumbe kinachokosekana ni cheche kuja kwa wakati wake. Ukiliongezea presha ya turbo katika hali hiyo, unazidi kulisukuma kwenye ukingo ambao tayari limesimama.

Sababu ya pili ni mwinuko, na hapa ndipo ushauri mwingi wa kunakili kutoka ng'ambo unapotuponza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama bar 0.82; Mombasa ni bar 1.01. Geji ya turbo kwenye dashibodi haipimi presha yote iliyo ndani ya injini. Inapima ziada iliyo juu ya hewa ya nje. Geji ikisoma 0.9 Nairobi, injini inapata bar 1.72. Ikisoma 0.9 ile ile Mombasa, injini inapata bar 1.91. Ni tofauti ya asilimia 11 ya hewa, na geji haijasogea.

Sasa chukua gari lililofungwa ile vali ya mkono ya kuongeza presha, ambayo bei yake ni ndogo na hufungwa kwa nusu saa kwenye mpira unaokwenda kwenye kilango cha moshi cha turbo, kile kinachopunguza moshi unaoizungusha ili presha isizidi. Kompyuta ya kiwandani ina jedwali la kupunguza presha kadiri hewa ya nje inavyokuwa nyepesi, ili turbo isizunguke kupita kiasi. Vali ya mkono inairuka kompyuta. Ukiwa Nairobi na ukataka injini ipate bar 1.91 kama ya pwani, turbo italazimika kuizidisha hewa mara 2.33 badala ya mara 1.89. Turbo ndogo ya TD04 iliyo kwenye nyingi za gari hizi itafika huko kwa kuzunguka kasi mno, na hewa itakayoitoa itakuwa ya moto. Hewa ya moto ni kugonga kulekule.

Likija Krismasi, gari hilo hilo linateremka pwani. Ni kilomita karibu 480, familia imo ndani, buti limejaa, AC inafanya kazi, na joto la Mombasa linazidi la Nairobi kwa digrii kadhaa. Vali ya mkono haijui kwamba imefika baharini. Injini sasa inapokea hewa nyingi kuliko ilivyowahi kupokea siku iliyofungwa, na hakuna aliyekagua mafuta na cheche zake katika uzito huo wa hewa. Pistoni nyingi zinazohesabiwa kuwa zimekufa kwa "safari ndefu" zimekufa kwa hesabu hii.

Hata gari lililotuniwa vizuri Nairobi lina hatari hii ikiwa aliyelituni hakuifikiria pwani. Majedwali ya cheche katika kompyuta ya Subaru hupangwa kwa kasi ya injini na kwa gramu za hewa zinazoingia kila mzunguko. Nairobi huwezi kuzifikia safu za mwisho za jedwali hilo, kwa hiyo huwezi kuzijaribu. Fundi mwenye busara huziacha safu hizo zikiwa na cheche iliyochelewa na mafuta mengi kidogo, na humwambia mwenye gari apime tena akifika chini. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam hana tatizo hili, ila akipanda Arusha, Nakuru au Eldoret atalihisi gari limepungua nguvu. Huko halihitaji kuongezewa chochote.

Kupima injini kunaanza na kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaijenga. Injini iwe imepata joto la kazi, betri iwe imejaa, fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe na soketi za koili zichomolewe. Toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie kwa uhuru, kisha zungusha stata mizunguko sita hadi minane kwa kila silinda. Injini hii imelala ubavu na plagi zake zinatazamana na chesisi, kwa hiyo kazi inachosha mikono, na ndiyo maana baadhi ya gereji hazitaki kuifanya. Sisitiza ifanywe. Namba za vitabu, yaani psi 140 hadi 170, ni za usawa wa bahari. Nairobi zizidishe kwa 0.82: injini nzima itasoma kati ya 115 na 140. Nimeona injini nzuri zikihukumiwa kufunguliwa kwa sababu fundi alisahau mwinuko. La kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, simama hapo. Endelea na kipimo cha uvujaji kwa kompresa ili ujue hewa inatokea wapi. Ukiisikia kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Ikitokea kwenye silensa, ni vali ya moshi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Presha ya oili ipimwe kwa geji halisi, si kwa taa ya dashibodi. Oili ikiwa ya moto, isipungue bar 1 injini ikinguruma bila kukanyagwa, wala bar 3 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Sampu, yaani bakuli la oili la chini ya injini, ikiwahi kushushwa kwa kazi yoyote, badilisha mrija wa kunyonyea oili. Wa kiwandani huwa na tabia ya kupasuka kwenye kiungo kilichochomelewa, ukaanza kunyonya hewa, na beringi za konrodi zinaondoka bila onyo. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na roli zake, tenshona na pampu ya maji. Ukikatika, vali zinagonga pistoni. Kama historia ya gari haijulikani, chukulia haujawahi kubadilishwa.

Baada ya hapo, isome kompyuta gari likitembea. Kwa Subaru nyingi za miaka ya 2000, kebo ya OBD (ya kuunganisha kompyuta ya gari) na programu ya bure kama RomRaider zinatosha kurekodi. Rekodi kasi ya injini, presha ya turbo, uzito wa hewa, cheche, na kiasi cha cheche ambacho kompyuta imeondoa kwa sababu ya kugonga. Gari liwe gia ya tatu, likanyagwe kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, mahali salama pasipo watu. Kuna namba moja ya kuitazama kabla ya zote: kiwango ambacho kompyuta inaiamini petroli yako. Katika kompyuta za zamani kinafika 16, katika mpya kinafika 1. Kikiwa pungufu ya hapo, kompyuta imeshasikia kugonga kwingi hadi imeamua kuchelewesha cheche karibu kila mahali. Gari la namna hiyo halihitaji daunpaipu, yaani paipu ya moshi inayotoka kwenye turbo kwenda chini. Linahitaji petroli bora, plagi mpya, na mtu wa kutafuta kwa nini linagonga.

Plagi zenyewe ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Kwa gari lililoongezwa nguvu kidogo, NGK ya namba 7 inafaa kuliko namba 6 ya kawaida, kwa sababu katika NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Upenyo uwe milimita 0.7. Ukiacha 0.9 au 1.0, presha ya turbo huuzima moto wa plagi na gari hukohoa likikanyagwa, jambo ambalo wengi hudhani ni koili. Plagi bandia zimejaa sokoni. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na uzipime upenyo kabla ya kufunga.

Injini ikipita vipimo hivi vyote, chuma cha kwanza kununua ni hiyo daunpaipu. Ya kiwandani ni nyembamba na ndiyo inayoibana turbo. Kwa TD04, kipenyo cha milimita 63 kinatosha; cha 76 kinafaa kama una mpango wa turbo kubwa baadaye. Pamoja na kutuni, tegemea nyongeza ya nguvu-farasi 30 hivi, na turbo itaamka mapema. Ila uifunge siku ile ile unayotuni, kwa sababu moshi ukipita kwa urahisi turbo huzunguka zaidi na presha hupanda yenyewe. Wakati mwingine inapanda mpaka kilango cha moshi kinashindwa kuizuia, na kompyuta inakata mafuta ghafla katikati ya kuovateki. Hakikisha pia kilango hicho kinafunguka chote bila kugusa ukuta wa paipu mpya. Baadhi ya paipu za bei nafuu hukigusa.

Naomba mchukue daunpaipu yenye katalisti (kisafisha moshi) ya kupitisha moshi kwa wingi, ile ya seli 200, badala ya kuiondoa katalisti kabisa. Tofauti ya nguvu ni ndogo, na moshi tunaoutoa kwenye foleni ya Thika Road unavutwa na mama aliyesimama kituoni na mtoto mgongoni. Katalisti ya kuondoa ni nyingine: baadhi ya Impreza za umbo la GD zina ndogo ndani ya paipu fupi inayopandisha moshi kwenye turbo. Ikizeeka hubomoka, na vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Kuhusu mafuta, fanya hesabu kabla ya kununua nozeli, zile za kunyunyizia petroli kwenye injini. Katika injini ya turbo kila nguvu-farasi moja inahitaji karibu cc 6 za petroli kwa dakika. Nozeli nne za cc 440, zikifanya kazi asilimia 85 ya muda wake, zinatoa cc 1,496, na hizo zinatosha nguvu-farasi 240 hadi 250. Kwa TD04 hapo ndipo pumzi ya turbo yenyewe inapoishia, kwa hiyo nozeli kubwa ni pesa ya bure mpaka utakapobadilisha turbo. Ukifika huko, kumbuka kuna zinazolishwa kwa juu na zinazolishwa ubavuni, na hazibadilishani. Pampu ndiyo ya kubadilisha mapema, hata kama nguvu haijaongezeka sana, kwa sababu pampu ya miaka 20 imechoka. Ile ya lita 255 kwa saa ndiyo inayotumika zaidi. Ukiielekeza kwenye chombo kwa tahadhari zote za moto, ikisukuma dhidi ya presha ya bar 3, ndani ya sekunde 30 inapaswa kutoa karibu lita 2. Ya bandia itatoa pungufu ya hapo.

Ea klina ya koni ningependa iondolewe badala ya kuongezwa. Inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti. Ukibadilisha na mrija wenye sensa ya kupima hewa kwa mrija wa kipenyo kikubwa zaidi, sensa inasoma hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu, na injini inawaka kavu pale inapobeba mzigo mzito. Zile za kupakwa oili huchafua waya wa sensa. Boksi la kiwandani lenye kichujio kipya cha karatasi linapitisha hewa ya kutosha kwa nguvu tunayoizungumzia. Vali ya mluzi nayo inamwaga nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu, kwa hiyo kila ukibadilisha gia injini inapewa mafuta ya hewa isiyokuwepo. Ndiyo maana hutoa moshi mweusi na kula petroli. Rudisha ya kiwandani, inayoirejesha hewa kwenye mrija.

Anayetuni lazima awe na sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye silensa. Ile ya kiwandani haitoshi. Gari likikanyagwa mpaka mwisho, uwiano wa hewa na petroli uwe kati ya 11.0 na 11.5 kwa 1. Ukiona 12.5 kwenye petroli yetu, mwambie asimame. Presha ya bar 0.9 hadi 1.0 inatosha. Mwenye cheche nzuri na presha ya 0.9 atamwacha mwenye presha ya 1.2 na cheche iliyocheleweshwa.

Breki na giaboksi zina barua yao, ila haya mawili siwezi kuyaacha. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia digrii 230. Yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kama 155, na kuteremka kutoka Kikuyu kwenda Mai Mahiu kunaweza kuyafikisha huko. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Na giaboksi ya mkono ya gia tano haipendi kuachiwa klachi kwa ghafla injini ikiunguruma. Gia zake hung'oka meno.

Kwa mafundi wenzangu wanaotoza pesa kwa "stage 1" na "stage 2", yaani hatua za kuongeza nguvu: mpeni mteja faili ya rekodi ya kabla na ya baada, ikionyesha kugonga, uwiano wa mafuta na presha, pamoja na nakala ya programu ya awali ya kompyuta yake. Na wewe mwenye gari, usilipe salio kabla ya kuzipata zote mbili mkononi, zikiwa zimeandikwa petroli iliyotumika na mji gari lilipopimwa.

Fundi wa injini,
Nairobi.